Maji Yakishuka, Shuka Nayo

Mimi ni mwoga. Naanza na hilo ili kijana atakayesoma haya asije akadhani anasoma habari za shujaa. Miaka yote niliyofanya kazi ya madaraja hapa Lushoto, nikiwa fundi sanifu wa barabara, sikuwahi kuvuka daraja hata moja bila kusema bismillahi, hata yale niliyokuwa nimeyakagua mwenyewe asubuhi yake. Hasa hayo. Injinia Komba, aliyekuwa mkuu wangu mpaka nilipostaafu, alizoea kunicheka, nami nikimjibu kama wazee walivyosema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Yeye ni mtu wa Songea. Labda milima ya kwao imetulia. Ya kwetu hutembea, tena haiagi.

Ni yeye aliyenitaka niandike. Alisema, "Mama, mambo ya vyeo na mishahara achana nayo, hayo yamo kwenye faili lako. Andika yale ambayo kompyuta haiyajui, vijana wasome." Nikamwambia kompyuta haijui mengi, karatasi hazitatosha. Haya, nimekaa hapa barazani, mawingu yameshuka mpaka kwenye miti ya mapeasi, na roho haijatulia, maana ni masika. Nitaandika nikiwa na simu mapajani.

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vyenye kisigino, vilevile nilivyoendea kwenye usaili. Nilipelekwa kwa Mzee Hoza, mnyapara wa genge la barabara, Mshambaa wa juu kabisa karibu na msitu, mtu mfupi mwenye viganja vipana. Nikamwamkia, akaitikia, nikamnyooshea cheti changu. Hakukitazama. Alitazama miguu.

"Binti, hivyo ni vya harusi ya nani?"

Akaniletea gambuti zake za akiba, kubwa hata miguu yangu yote miwili ingeingia kwenye moja, akazijaza magazeti, tukaondoka. Nilitembea siku nzima nikisikia habari za zamani zikilia chini ya nyayo zangu.

Alinipeleka daraja la Kweluti, kwenye barabara ya vumbi inayotoka vijiji vya mboga kwenda Soni. Si daraja la kupigwa picha. Lina nguzo mbili za zege mtoni na sakafu moja juu yake, basi. Lakini kabichi, karoti na nyanya za ng'ambo ile yote hupita hapo kufika sokoni Soni, na kutoka Soni hushuka Mombo na kwenda zake mjini. Likifungwa, mboga huoza kwenye magunia, na mwanamke mwenye uchungu hubebwa kwa machela milimani. Mzee Hoza hakunionyesha sakafu. Alinishusha chini kwa kamba mpaka kwenye kokoto.

"Daraja halifi kwa juu," alisema. "Watu hutazama juu kwa sababu ndiko wanakopita. Lenyewe linafia miguuni."

Akanieleza, na nawaeleza nanyi kama alivyosema. Mto ukijaa unachimba mchanga pale kwenye mguu wa nguzo, unatoboa shimo. Maji yakianza kutulia, mto huohuo unarudisha tope ndani ya shimo, unalisawazisha vizuri kabisa, kama mwizi anayefagia alipopita. Ukija kesho kutwa na viatu vyako vya harusi unakuta pamelala sawasawa, unaandika "salama". Kwa hiyo usingoje maji yawe meupe wala usingoje Jumatatu. Ukiona yanapungua tu, shuka na mtaimbo, choma kandokando ya mguu. Ukigonga kigumu, shukuru Mungu. Mtaimbo ukizama kama kwenye uji, funga daraja. Haya yote aliyafupisha kwa maneno manne, na hayo manne ndiyo yaliyonilea kazini. Alisema: maji yakishuka, shuka nayo.

Siku hizo vipimo vyetu vilikuwa rangi. Tulipaka mistari kwenye nguzo, wa kijani, wa njano na mwekundu, tukawaomba watu wa pale watutazamie. Wa kwanza alikuwa Mzee Idi, mwadhini wa msikiti ulio kwenye mteremko juu ya daraja. Maji yakifika mwekundu alimtuma dereva wa lori lolote lililopita atuletee habari. Dereva naye alikuwa na mambo yake, atapakia, atakula, atasimama kusalimia shemeji. Habari ilipotufikia Lushoto, maji yenyewe yalikuwa yameshapita Mombo. Masika nilikuwa sili. Mume wangu aliwahi kuniuliza, "Umeolewa na mimi au na daraja?" Nikamwambia wewe huna nguzo mtoni. Alinuna, lakini alinielewa.

Msidhani Mzee Hoza alipenda tu kuamrisha. Kulikuwa na daraja dogo upande wa pili wa mlima. Mto ulijaa, ukapungua, na sisi tulikuwa kwingine, tukachelewa. Tulipofika pamesawazishwa kama uwanja. Tukachoma juujuu, tukapitisha. Haukupita muda lori la kabichi likaingia, na nguzo ikakaa chini kama mtu aliyechoka. Hakuna aliyekufa. Dereva alitokea dirishani akitukana kabichi moja moja kadiri zilivyompita zikielea. Watu walicheka sana. Mzee Hoza hakucheka. Alikaa juu ya jiwe, akavua kofia. Tangu siku ile hakuna aliyebishana na yale maneno manne.

Alipofariki, tulikuwa Kweluti tukipanga mawe kwenye gabioni, vile vikapu vya waya vya kukinga ukingo. Spika ya msikiti ikalia saa isiyo ya sala. Mnaotoka mbali mjue kwamba spika ile, ukiacha adhana, ina kazi moja tu, nayo ni tanzia. Ikilia hivyo, kila mtu huacha alichoshika. Jembe husimama, sururu husimama, mashine ya kusaga huzimwa, watu wote kimya, wasikie ni nani. Mzee Idi akasoma Innalillahi, kisha akataja jina la Mzee Hoza, na genge zima tukakaa chini palepale kwenye mawe. Nililia kama mtoto. Mtaimbo wake nilirithi mimi.

Miaka ikaenda, akaja Injinia Komba na masanduku. Ndani mlikuwa na vihisi, vyombo vya kupimia vinavyojua kutuma salamu kwa mtandao wa simu. Kimoja kilifungwa chini ya sakafu ya daraja, kinapima maji yako mbali kiasi gani. Kimoja kikafungwa kwenye nguzo, kinahisi ikiinama hata kwa unywele. Cha tatu kiliwekwa huko juu msituni kunakotoka mto, kinapima mvua. Vyote vinaleta habari kwenye kioo cha kompyuta ofisini, na mambo yakiharibika vinapiga kelele kwenye simu zetu. Sisi tuliviita masikio. Wiki ya kwanza sikio la maji lilinyamaza, tukaenda mbio, tukakuta mama mmoja ameanika maharage juu ya sola. Tulimwomba kwa adabu, akaturuhusu kuendelea na kazi yetu.

Nilidhani masikio yataniponya woga. Wapi! Zamani niliogopa mvua ikinyesha tu. Sasa nikawa naogopa kila simu inapolia, iwe mvua, iwe jua, iwe shangazi anauliza hali.

Na simu ililia kweli. Vijiji vya juu vinagawana mto kwa zamu ya kumwagilia. Wenye zamu yao wanafunga maji kwa viroba vya udongo na migomba, wanayaingiza kwenye mifereji ya bustani. Wakifunga, huku Kweluti maji yanashuka ghafla, na masikio, ambayo hayajui kabichi ni nini, yanapiga kelele: maji yamepungua, maji yamepungua! Niko kwenye sala, yanalia. Niko kwenye arusi ya mpwa wangu, yanalia, bwana harusi anageuka. Mara ya kwanza Injinia Komba alirukia gari bila kufunga mlango wa ofisi, akapandisha mto mzima kwa miguu, akamkuta mzee mmoja na jembe lake kwenye kabichi. Yule mzee akamtazama matope yalivyomfika magotini, akamuuliza, "Mghosi, umepotea?" Komba alirudi, na jina la Mghosi, ambalo Washambaa humwitia mwanamume, likamganda ingawa hana tone la Ushambaa.

Basi tukakaa kikao, tukakubaliana wote kelele ya maji kupungua izimwe, ibaki ya kupanda tu. Mmoja akauliza, daraja linaogopa maji yakijaa, yakipungua linaogopa nini? Wote tukatikisa vichwa. Ilikuwa hoja nzuri. Ningekuwa na hoja ya kuipinga ningeitoa, maana kupinga ni kazi yangu, lakini sikuwa nayo.

Wakati huo Rehema alikuwa ameshafika. Ni binti wa Mnazi, huko bondeni kwenye joto, fundi sanifu kama mimi. Alishuka kwenye gari Lushoto amevaa masweta mawili na bado meno yanagongana. Ila alikuja na gambuti zake mwenyewe, saizi yake kabisa, hata nikaona wivu kidogo. Nilimfundisha kila nilichofundishwa. Kwa kusikiliza, alinishinda. Kwa woga, nilimshinda mbali, na hilo ndilo lililoniumiza roho, maana mtu asiyeogopa lazima aogopewe na mwingine. Mtaimbo wa Mzee Hoza nilimkabidhi yeye goti langu lilipokataa kamba.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa masika, mvua imenyesha mfululizo hata kuta za nyumba zinatoa jasho. Sikio la nguzo ya kulia lilionyesha kwamba nguzo imeinama, kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Tukafunga daraja kwa magari. Siku ya soko Soni ikatukuta tumefunga, na ng'ambo ya pili magunia ya kabichi yakapangwa barabarani kama ukuta. Diwani alipiga simu, wenye malori walipiga simu, mtu nisiyemjua alipiga simu akaniuliza nina watoto au sina. Wote niliwajibu jambo moja, kwamba tunangoja maji yapungue tukague mguu wa nguzo, ukiwa mzima tunafungua. Rehema alikuwa palepale darajani na dereva wetu na vibarua wawili, pampu ya kunyonya maji tayari, ngazi tayari, wakingoja.

Kabla ya adhuhuri simu ikalia. Rehema.

"Shikamoo Mama. Maji yanashuka."

Nikatazama kioo. Kweli, mstari wa maji ulikuwa unateremka vizuri. "Marahaba. Alhamdulillahi."

"Nashuka nayo."

"Chukua mtaimbo mrefu. Anza na nguzo ya kulia."

"Sawa Mama."

Nikajimiminia chai. Nakumbuka nilikula hata andazi, mimi ambaye masika sili. Mstari ukaendelea kuteremka, nami nikautazama kama mtu anayetazama homa ya mwanawe ikipungua.

Simu ikalia tena. Alikuwa Injinia Komba, yuko Tanga kikaoni, amefungua kioo kilekile kwenye kompyuta yake.

"Shikamoo Mama. Umeona maji?"

"Nimeona. Mungu mkubwa."

"Yameshuka sana lakini. Haraka haraka hivi?"

"Watakuwa wamefunga huko juu," nikasema, mdomo umejaa andazi. "Zamu ya watu wa juu."

"Aa, sawa." Kisha akauliza polepole, "Mama, hebu tazama sikio la msituni. Huko mvua imekatika?"

Nikatazama. Haikuwa imekatika. Ilikuwa inamwagika kama imetobolewa.

"Inanyesha," nikasema.

"Sasa nani anamwagilia kabichi kwenye mvua?"

Mto haupungui mvua ikinyesha. Mto ukipungua mvua ikinyesha, kuna kitu kimeuziba, na huko juu hakuna cha kuziba mto ule isipokuwa mlima wenyewe. Mlima ulikuwa umeporomokea mtoni. Maji yote yaliyotoweka Kweluti yalikuwa yamesimama nyuma ya tope, yanaongezeka, na tope si ukuta wa fundi, linasimama mpaka linapochoka.

"Rehema yuko wapi?" akauliza Komba.

"Chini."

Sikumbuki kukata simu yake. Nilimpigia Rehema, nikajibiwa na yule dada wa mtandao kwamba namba haipatikani. Chini ya lile daraja ni korongo, hata sauti ya mtu haitoki. Nikampigia dereva. Simu inaita, inaita, inaita. Baadaye nilijua ilikuwa inachajiwa ndani ya gari, na mwenyewe yuko ukingoni ameshika kamba ya ngazi. Nikampigia mama muuza chai wa pale darajani. Akapokea kwa furaha, "Niko Soni, mama'angu! Kuna nini, nikuletee nyanya?" Nikamkatia, Mungu anisamehe. Jina lililofuata nililigusa mara ya pili ndipo likashika.

Mzee Idi akapokea. Naye, jamani, ni mtu mzima kuliko mimi, na huku kwetu mtu mzima huwezi kumrukia na maneno.

"Shikamoo Mzee."

"Marahabaa. Hujambo mwanangu? Mume hajambo?"

"Hajambo Mzee..."

"Na wajukuu? Goti je, unalichua na ile dawa?"

"Mzee, nisamehe!" nikapiga kelele, hata wenzangu chumba cha pili wakasimama. "Mto unakuja! Rehema na vibarua wako chini ya daraja. Washa spika, waambie wapande! Sasa hivi, Mzee, nakuomba!"

Hakuuliza la pili. Nilisikia simu ikiwekwa sakafuni, haikukatwa, nikasikia ndala zake zikikimbia, kisha ule mkwaruzo wa spika kuwashwa. Ina betri yake ya sola, nikamshukuru Mungu kwa hilo. Nikashika meza. Ndipo sauti ya Mzee Idi ikaja, ileile ya siku zote, nzito na ya taratibu:

"Innalillahi wa inna ilayhi rajiun."

Nilikaa sakafuni, simu sikioni. Nilijua amefika kwenye spika, amechungulia mtoni kupitia dirisha, na amewaona tayari wameshakwenda na maji.

"Ni Rehema," ikaendelea sauti, "binti wa barabara, mwenyeji wa Mnazi, na wenzake wawili walioko chini ya daraja..."

Hapo akasita. Kumbe maskini hakuwa ameona kitu. Ni mazoea tu. Miaka yote akishika kile chombo nje ya sala ni kutangaza maiti, na mdomo ulianza wenyewe kabla kichwa hakijafika. Nilisikia amevuta pumzi, kisha akaacha Kiswahili kabisa, akapiga ukelele kwa Kishambaa, sauti sijawahi kuisikia kwake, pandeni, pandeni, mlima umekuja, mto unakuja. Akarudia na kurudia mpaka sauti ikakauka.

Kwenye kioo mstari wa maji ulikuwa umelala chini kabisa. Ukaruka. Haukupanda kama maji yanavyopanda, uliruka moja kwa moja mpaka juu ya kioo, na hapo ukakatika. Sikio lilikuwa limekwenda. Kwenye simu nikasikia mngurumo, watu wakipiga mayowe, kisha simu nayo ikafa.

Wenzangu walinizunguka, mmoja ananipepea na faili. Sijui tulikaa muda gani, na msinitake nikadirie. Najua chai ilikuwa imepoa. Niliwaza nitamwambia nini mama yake. Niliwaza gambuti zake. Nilimwaza Mzee Hoza na yale maneno manne, na kwa mara ya kwanza maishani nikamkasirikia marehemu.

Simu ikalia, namba ya dereva. Nikaogopa kuipokea. Akaipokea kijana wa ofisi, akanipa.

"Shikamoo Mama."

Ilikuwa sauti ya Rehema. Hata marahaba nilisahau. "Wewe, uko wapi?"

"Juu."

Nililia mpaka nikakohoa.

Rehema alinieleza baadaye. Spika ilipokwaruza, kibarua mmoja akazima pampu na mwenzake akaweka sururu, kama desturi, wasikie ni nani aliyekufa. Pampu ile ingekuwa inanguruma wasingesikia hata kama mwadhini angeimba. Kikaja kimya, ikaja Innalillahi, likaja jina lake. "Mama, nilijishika mkono kwanza," alisema. Kibarua akamgeukia akamuuliza, eti, "Wamesema Rehema yupi?" Yeye akafikiri kwamba kama wa juu wanamtangaza, basi wanaona kitu ambacho yeye hakioni. Akatupa mtaimbo, akawasukuma vibarua kwenye ngazi, akapanda wa mwisho. Walikuwa barabarani, wakikimbia kupanda mteremko, maji yalipofika. Hayakuwa hata maji, ilikuwa tope na magogo na migomba mizima. Yalichukua ngazi, pampu, sikio, mtaimbo wa Mzee Hoza na mguu mzima wa nguzo ya kulia. Sakafu ikabaki inaning'inia.

Sasa habari mbaya ina miguu, na ya spika ina mabawa. Nusu ya pili ya tangazo ilikuwa kwa Kishambaa na kwa pumzi za mbio, lakini ile nusu ya kwanza ilisikika vizuri mabonde yote, na kila mwenye simu alikuwa ameshaishika. Mpaka jua linageuka, Mnazi wameshaweka turubai.

Rehema nilimleta kwangu, hakuwa na nguvu ya kukaa peke yake. Tulikuwa tunakula ugali na kisamvu alasiri gari lilipoingia uani, limejaa wanawake wamejifunika kanga, na kilio kimetangulia. Mama yake akashuka wa kwanza. Alikuwa amepanda milima yote ile akijua anakuja kumchukua mwanawe akamzike. Rehema akasimama, tonge mkononi.

"Mama," akasema, "shikamoo."

Kilio kilikatika kama kimezimwa. Yule mama alimwendea, akamshika uso, akamshika mabega, akampapasa mikono mpaka vidoleni kama anayehesabu. Kisha akampiga kofi la mgongo, zito, lililosikika jikoni. Kisha ndipo akamkumbatia. Sisi wengine tulitazama pembeni.

Alipotulia, akanigeukia. Macho mekundu, sauti ndogo kabisa.

"Nani aliyeniulia mwanangu kwenye spika?"

Mzee Idi hakuwepo kujitetea, na hata angekuwepo nisingemwachia. Nikasema, "Ni mimi, dada. Mimi ndiye niliyepiga simu." Nikamweleza mto, mlima, pampu, na namna watu wa huku wanavyosimamisha kazi kumsikiliza maiti. Nikamweleza kwamba angetangazwa mzima, labda asingesikia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akajifuta uso kwa pembe ya kanga, akamtazama binti yake aliyerudi kwenye ugali kama asiyehusika.

"Basi sawa," akasema. "Siku nyingine maji yakishuka hivyo, muueni tena."

Daraja limejengwa upya, na sikio jipya limefungwa. Injinia Komba aliirudisha ile kelele ya maji kupungua, ila ameifunga pamoja na sikio la msituni, ili maji yakishuka na huko juu mvua inanyesha, simu zetu zote zilie na zisinyamaze mpaka mtu ajibu. Imeshalia bure mara kadhaa, na itawalilia bure tena, mkiwa kwenye sala na arusi. Iacheni ilie. Mzee Hoza hakukosea, maji yakishuka shuka nayo, lakini uliza kwanza yamekwenda wapi. Nilimsamehe siku ileile, kama mtu anaweza kumsamehe marehemu.

Nilipostaafu, namba yangu iliondolewa kwenye orodha ya masikio. Ndiyo taratibu, sikulalamika. Ila wingu hili ninaliona bila mashine, na sasa hivi linamwagika. Nimeshampigia Rehema. Alikuwa Kweluti, nikasikia mvua kwenye simu yake.

"Shikamoo Mama."

Huwa siitikii kwanza. Namuuliza, "Rehema, umekufa?"

"Nimeshakufa, Mama," anasema. "Niko juu."

Ndipo namwitikia marahaba, nakwenda kula.